Kangaga lipi ndilo la kweli?

Ligeuze jani la kangaga lililopevuka: utaona madoa ya hudhurungi. Humo hutoka vumbi, wala si mbegu. Chembe yake iangukapo penye unyevu haioti kangaga. Huota kimea mfano wa moyo, kisichozidi ukucha, kijilishacho chenyewe. Chini yake mbegu ya kiume huogelea katika maji hata ikaifikia ya kike. Ndipo lizaliwapo kangaga, na kile kimea hunyauka. Hofmeister, muuza vitabu wa Leipzig, aliyabainisha haya mwaka 1851.

Basi la kweli ni lipi? Tumelipa jina lile kubwa, na dogo tumelinyima. Twasema dogo ni ngazi tu. Lakini hilo kubwa nalo, kwa vumbi lake, halijapata kuzaa kubwa mwenziwe, huzaa dogo.