Kuinamia Taka Isiyo Yako

Lubumbashi ina baridi yake. Mwezi wa Juni na wa Julai mji huu, ulio juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, huamka umevaa makoti, na mvua haitarajiwi mpaka kuelekea Oktoba. Nyasi zikishakauka, kando ya ziwa la mjini, lile lililopatikana kwa kuzuia mto Lubumbashi, kila kilichotupwa huonekana: chupa za maji, vifuniko, masashe ya plastiki. Anayeziokota wakati huu anaiwahi mvua ya kwanza, ambayo ingezisukuma majini na kuziba mitaro. Wema wa namna hii hauna wa kuushukuru, maana hakuna anayeona gharika ambayo haikutokea. Je, mtu anawajibika kuufanya, ilhali si yeye aliyetupa? Nasema anawajibika.

Tumezoea kudhani wajibu hufuata kosa: aliyechafua na asafishe. Kanuni hiyo inafaa mahakamani, lakini sashe halina jina la mwenyewe, na aliyelitupa huenda sasa anaishi Kolwezi au amekwisha kuzikwa. Tukimngoja yeye, tumeamua kwamba madhara yaendelee ili hesabu ya haki ibaki safi. Mafundisho ya Mtume Muhammad yanahesabu kuondoa udhia njiani kuwa tawi la chini kabisa la imani, na hayaulizi ni nani aliyeuweka. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliviweka vitendo vidogo kama kupunguza plastiki ndani ya maisha ya imani yenyewe. Hapa Lubumbashi, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, ndipo kilipochapishwa mwaka 1945 kitabu cha padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu. Wakosoaji walimlaumu, kwa haki, kwa kuwatia mamilioni ya watu katika akili moja. Hata hivyo wazo lake kuu bado lina uzito: ikiwa kuwepo kwangu kumefungamana na kuwepo kwa wengine, madhara ninayoyaona na ninayoweza kuyazuia yamekwisha kuwa yangu kwa kiasi fulani, awe ameyaanzisha nani.

Watu wazima wa mji huu watanikatiza kwa neno moja: Salongo. Chini ya Rais Mobutu, katika miaka ya 1970, kazi ya pamoja ya kufagia na kulima, iliyoitwa hivyo, ilikuwa amri, na asiyetokea aliadhibiwa, huku wakubwa wakisimama pembeni. Uchungu huo ni halali. Lakini kilichoharibika pale ni amri isiyomgusa mwenye kuamuru; kuinama kwenyewe hakukuwa na kosa. Wajibu ninaousema hauna askari, na unampata mkurugenzi sawasawa na muuza karanga. Serikali inayoutumia kukwepa kazi yake inaiba jasho la watu: amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilitiwa saini Desemba 2017, na mifuko bado ipo sokoni.

Pingamizi zito zaidi linatoka migodini. Mto Lubumbashi huohuo unapita karibu na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, na mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda hicho unaonekana kutoka mbali. Kuokota chupa mbele ya mlima ule, wengine husema, ni kujifariji. Ingekuwa hivyo kama uokotaji ungechukua nafasi ya madai. Mimi naona kinyume: anayeshika taka kwa mikono yake hujifunza inakotoka na inakoelekea, na ni vigumu kumwambia mtu huyo kwamba maji hayamhusu.

Kuna jambo moja linaloweza kuivunja hoja yangu nzima, nalo ni mwisho wa gunia. Taka zilizotolewa ufukweni zikimwagwa kwenye korongo la mtaa maskini pembezoni mwa mji, hakuna wema uliotendeka; udhia umehamishwa kutoka kwa wanaosikilizwa kwenda kwa wasiosikilizwa. Kwa hiyo kabla ya kuinama mtu anapaswa kuuliza gunia litafika wapi, na asipopata jibu, kulitafuta kwa manispaa ni sehemu ya kazi ileile.