Kobe wa Aldabra na Watu wa Diego Garcia

Mwezi wa Novemba 1965 Uingereza iliumega mkusanyiko wa visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, ikaongeza Aldabra, Farquhar na Desroches vya Shelisheli, ikaunda koloni jipya wakati makoloni mengine yakipewa uhuru. Shabaha ilikuwa kupata ardhi ya kambi za kijeshi katika Bahari ya Hindi. Aldabra ilikusudiwa uwanja wa ndege. Wataalamu wa viumbe wakapiga kelele, kwani kisiwa hicho ni makazi ya kobe wakubwa mno. Na kwa kuwa hazina ya Uingereza nayo ilikuwa imedhoofika, mpango ukaachwa mwaka 1967.

Kobe walisalimika. Watu wa Chagos hawakupata mtetezi wa namna hiyo. Walikuwa wafua nazi na watengeneza mbata, wengi wao vizazi vya watumwa waliochukuliwa Madagaska na Msumbiji, kwa hiyo si wageni kabisa kwa damu ya mwambao huu. Baina ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, watu kati ya 1,500 na 2,000, wakashushwa Mauritius na Shelisheli, ili Diego Garcia ikabidhiwe jeshi la Marekani. Mbwa wao waliuawa kwa moshi.

Wanaotetea kambi za ugenini wana hoja, wala si haki kuipuuza. Bahari ni njia ya wote, na dola dogo huenda likahitaji ulinzi wa dola kubwa. Jibuti imeyakaribisha majeshi ya Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na China, nayo hupokea kodi; ni nchi huru, imeamua. Mwenye nyumba akipangisha chumba, jirani ana neno gani? (Analo, iwapo mpangaji huvurumisha mawe usiku: ndege zilizoruka kutoka Diego Garcia zilipiga mabomu Afghanistan mwaka 2001 na Iraq mwaka 2003.)

Basi hoja yote inasimama juu ya neno idhini. Viongozi wa Mauritius walikubali mwaka 1965, na nchi yao ikalipwa pauni milioni 3. Lakini walikubali wakiwa chini ya mtawala yuleyule aliyekuwa mnunuzi, naye ndiye aliyeshika ufunguo wa uhuru wao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake tarehe 25 Februari 2019 kwamba hiyo haikuwa hiari ya kweli ya wananchi. Aliyefungwa kamba hauzi shamba, hata akitia dole gumba.

Kipimo cha idhini ni uwezo wa kuiondoa. Mwaka 1991 Seneti ya Ufilipino iliukataa mkataba mpya wa kambi kwa kura 12 kwa 11, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka Subic Bay. Hapo palikuwa na mwenyeji na mgeni. Ajabu ni kwamba vibarua wa Kifilipino wameishi na kufanya kazi Diego Garcia, mahali ambapo wazawa wake wamekatazwa kukaa.

Mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025 uliafiki kwamba visiwa ni vya Mauritius, na kwamba Uingereza iendelee kuitumia Diego Garcia kwa miaka 99, kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Safari hii waliotia saini ni madola mawili huru. Wachagosi wenyewe hawakuwa na kiti mezani, na wengi wao wamelalamika. Mkataba ulikusudia kufungua mlango wa kuwarejesha watu katika visiwa vingine, si Diego Garcia. Aliyeahidiwa kodi, basi, si yule aliyeliacha kaburi la babu yake nyuma ya uzio.

Mwezi wa Aprili 2006 Wachagosi wapatao 100 waliruhusiwa kuzuru visiwa vyao kwa siku chache. Walisafisha makaburi, wakang'oa magugu, wakasali. Kisha wakarudishwa melini.