Kipimo cha Baruti na Dhamiri ya Mwindaji

Katika vijiji vya Katanga, bunduki ya pupu ingali inaonekana mikononi mwa wawindaji. Wahunzi wetu huitengeneza kwa bomba la chuma, nayo hujazwa kupitia mdomo: kwanza baruti, kisha kitambaa, mwisho risasi. Ya pili hakuna. Ndiyo maana tunauliza: kuchagua risasi na kupima baruti, je, ni kazi ya mkono tu, ao ni jambo la dhamiri?

Tuanze na yale tunayofundisha darasani. Risasi ya duara ikiongezwa upana mara mbili, uzito wake unakuwa mara 8. Vipande vidogo vingi vinatosha kwa kanga. Kwa palahala vinaishia karibu na ngozi. Yeye anahitaji risasi moja nzito, inayofika kwenye moyo ao mapafu. Vipande vya nondo ni vyepesi na vinaruka ovyo. Baruti ikipungua, nyama anajeruhiwa bure. Ikizidi, bomba linaweza kumpasukia mwindaji usoni. Tena risasi ikiwa nzito, msukumo ndani ya bomba unapanda hata kwa baruti ileile. Haifai kuongeza yote mawili pamoja.

Mzee mmoja alitujibu: "Mwalimu, baruti iko bei, na watoto wanalala njaa. Natia ile niko nayo." Hatukumcheka. Njaa si bongo. Lakini palahala anayekimbia na chuma tumboni hatamlisha mtoto yeyote; ataoza porini. Na nyati aliyejeruhiwa anaweza kumkuta mama anayetafuta kuni, asiyejua lolote.

Umaskini unaeleza kwa nini bunduki ni mbaya. Hauelezi kwa nini ilipigwa kutoka mbali. Hata asiye na feza anaweza kusogea hatua 20 zaidi, ao kuishusha bunduki. Mambo hayo mawili hayauzwi dukani.

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai ruhusa, lakini askari hasimami nyuma ya kila mti. Pale porini mwindaji anabaki na dhamiri yake.

Basi, kwa maoni yetu, kipimo cha kwanza si cha baruti. Ni swali hili: nikipiga sasa, nyama huyu ataanguka hapa? Kama jibu ni "labda", tumwache apite. Vijana wetu walijifunze hilo kabla ya kushika bunduki.