Nani mwenye dhamana ya bega la kijana huyu?

Kijana mmoja niliyepata kumsomesha alinijia baada ya swala ya Alasiri. Wakati wa takbira nilikuwa nimemwona mkono wake wa kulia ukiishia njiani. Akanieleza kwamba miezi miwili nyuma alijiunga na jimu ya mtaani kwao, na siku ya kwanza tu mwalimu wa mazoezi alimlaza kwenye benchi akampa chuma. Nikamuuliza, hakukupima kwanza? Akacheka. "Anipime nini ustadhi, mimi si mgonjwa."

Hapo ndipo penye tatizo. Wanaoijua kazi hii huanza kwa macho. Humsimamisha mtu kama alivyozoea kusimama, wakamtazama mbele, ubavuni na nyuma. Kwa ubavuni, sikio, bega, nyonga na goti hutarajiwa kukaribia mstari mmoja unaoteremka mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Kisha humwambia achuchumae mikono ikiwa juu. Je, magoti yanaingia ndani? Visigino vinanyanyuka? Halafu asimame kwa mguu mmoja, kulia na kushoto. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine.

Tabibu wa Czech, Vladimir Janda (1928–2002), alieleza namna misuli ya kifua inavyoweza kukaza huku ile ya kati ya mabega ikilegea, mabega yakavutwa mbele. Mtu wa namna hiyo ukimjaza mazoezi ya kifua peke yake, unamzidishia kilichokwisha kuzidi. Na vijana wetu wanapenda kifua, kwa sababu ndicho kinachoonekana kwenye kioo. Mgongo hauonekani. (Suala la riyaa tuliache kwa leo.)

Ni haki niseme pia kwamba bega moja kushuka si maradhi. Takriban kila mtu ana upande uliozidi mwingine, na mkao peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba mtu ataumia. Kupima ni kwa ajili ya kujua pa kuanzia na uzito wa kuanzia, si kumtisha mteja ili aongeze ada.

Sasa tuje kwenye sheria. Imepokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (SAW) alimbebesha dhamana yule anayetibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Mwalimu wa mazoezi si tabibu, hilo nalikubali. Lakini sababu ya hukumu ni ileile: kuutia mkono mwili wa mtu bila elimu. Nia njema haimwondolei dhamana, kama isivyomwondolea dereva asiyejua kuendesha.

Atasema mtu, kijana alikwenda kwa miguu yake na akaridhia. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Maad, amelifafanua jambo hili vizuri. Mgonjwa akijua kwamba huyu hana elimu na bado akamruhusu, hakuna dhamana. Akimruhusu kwa kudhani kuwa ni mjuzi, dhamana ipo. Kwa hiyo katika hali ya kwanza lawama inamrudia mwenye mwili, ambaye naye ataulizwa, kwani Mtume (SAW) alimfahamisha Abdullah bin Amr kuwa mwili wake una haki juu yake. Na hayo aliambiwa kwa sababu ya kuzidisha ibada, seuze vyuma!

Nikamuuliza kijana, wewe ulimdhania nini yule mwalimu? Akanyamaza kidogo, kisha akasema alimwamini kwa sababu ya ukubwa wa kifua chake.

Kwa maoni yangu huyo alidanganyika, na dhamana ni ya mwalimu. Wenye elimu zaidi wanaweza kunisahihisha. Nilimwambia aende hospitali kwanza, kisha arudi pale jimu amweleze mwalimu yaliyomkuta, kwa adabu lakini waziwazi, maana benchi lile halikai tupu hata jioni moja.