Ramani ya Nyumba na Dhamana Yake

Bidhaa ni kitu ambacho mnunuzi hana haja ya kujua kimetoka mkononi mwa nani. Kilo ya maharagwe ya Ngara na kilo ya maharagwe ya Biharamulo, zikiwa za aina moja na usafi mmoja, hazina sababu ya kuachana bei. Je, kazi ya msanifu wa majengo nayo imekuwa hivyo? Wako wasemao kuwa imekuwa. Ramani ya nyumba ya vyumba vitatu huuzwa siku hizi kwa simu, tayari kwa yeyote, na atakaye huinunua kama anunuavyo mabati na misumari.

Hoja hii haifai kudharauliwa, maana kitu kilicho sawa kwa wote si kiovu kwa sababu hiyo. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Katika kambi ya Benaco hapakuwa na nafasi ya kumwuliza kila mkimbizi nyumba aipendayo. Turubai la plastiki juu ya fito lilimkinga mzee na mtoto kwa namna moja, na siku ile ya dhiki usawa huo ulikuwa rehema.

Walakini turubai lilikuwa kimbilio la muda, na nyumba hutarajiwa kumrithi mwenyewe. Ngara ni nchi ya vilima. Mchoro uliotungwa kwa kiwanja cha tambarare haujui mteremko, wala njia ya maji ya masika, wala nguvu ya udongo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya 10 na kubomoa nyumba nyingi, hasa pande za Bukoba. Baada ya msiba kama huo mwenye nyumba hutaka kujua ni nani wa kuulizwa. Karatasi haiwezi kumjibu.

Yafaa kuukumbuka msonge wa kale. Umbo lake lilikuwa karibu moja kwa kila mji, na hakuna aliyejidai kuwa amelibuni. Lakini mjenzi alisimama kiwanjani, akaupima upepo na mwinamo kwa macho, kisha akaendelea kuishi jirani na kazi yake. Paa lilipovuja, alijulikana. Basi tofauti ya usanifu na bidhaa haimo katika upya wa umbo. Imo katika kuwapo kwa mtu mwenye kuwajibika. Ndiyo maana sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 yataka wasanifu majengo wasajiliwe, ili kila kazi iwe na mwenyewe.

Itasemwa kuwa mkulima wa Biharamulo hana fedha za kumwita msanifu kutoka mjini. Ni kweli, wala hastahili lawama kwa kununua alichokimudu. Lawama humpata auzaye mchoro akamwacha mnunuzi aamini kuwa amenunua na shauri. Mwuzaji mwaminifu husema wazi kuwa ramani haijakiona kiwanja, na mwenye nyumba mwenye busara humlipa fundi wa karibu akitazame kabla ya msingi kuchimbwa. Mchoro waweza kuwa bidhaa, na si aibu. Dhamana ya maisha ya watakaolala chini ya paa ni amana, na amana haina budi kuwa na mtu aliyeipokea.