Jina Lililo Kwenye Kalamu

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniagiza maneno mia tano kuhusu kalamu ghali za wino za Italia. Sina kalamu ya wino. Hata biro ninayotumia niliazima kwa duka la M-Pesa nikasahau kurudisha. Lakini pesa ni pesa, nikasoma.

Ndipo nikakutana na Omas. Jina hilo ni kifupisho cha Officina Meccanica Armando Simoni, yaani karakana ya Armando Simoni, iliyoanzishwa mjini Bologna mwaka 1925. Kalamu yao iliyosifika zaidi ilikuwa na pande 12, na nyingi zilichongwa kwa seluloidi, plastiki ya kizamani inayotokana na pamba na kafuri. Hiyo seluloidi lazima ikae miezi ikikauka kabla fundi hajaigusa. Ukiiharakisha, inajipinda. Simoni alifariki 1958, familia yake ikaendelea na kazi. Mwaka 2000 karakana ikauzwa kwa LVMH, Wafaransa wa bidhaa za anasa, baadaye ikapita mikononi mwa Wachina, na 2016 ikafungwa.

Kilichonikaa rohoni si kule kufungwa. Ni kwamba tangu 1958 kila kalamu ilitoka na herufi za mtu ambaye hakuigusa. Je, huo si uongo?

Nauliza kwa sababu zangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Tangu hapo kodi ya nyumba inatoka kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Mmoja anasomea uuguzi, na karibu kila insha yake nimeiandika mimi. Atahitimu mwaka huu. Mimi sina cheti.

Kwa siku kadhaa nilijitetea na Simoni. Mwenye jina mmoja, mwenye mikono mwingine, maisha yanasonga. Kwani mimi nimeua nani?

Shida ni kwamba utetezi huo hausimami. Aliyenunua Omas mwaka 1975 hakudhani marehemu amefufuka akamchongea. Zile herufi zilimwahidi kwamba kalamu imetoka karakana ile, kwa watu waliofunzwa kazi ile. Hiyo ahadi iliweza kutimizwa bila Simoni. Hata mmiliki akiwa Paris, mradi mafundi ni wale wale, jina linasema kweli. Jina lililo juu ya insha linaahidi kitu kingine kabisa: kwamba huyu mtu anajua kilichoandikwa humu. Hapo hakuna wa kumtimizia. Mgonjwa atakayelala mbele yake hatanikuta mimi pale, na hesabu zangu za dawa nilizopiga saa nane usiku hapa Kasarani.

Omas ilipofungwa, wapenzi wa kalamu walinunua seluloidi iliyobaki. Kalamu walizotengeneza nayo zikatoka kwa jina la Armando Simoni Club. Malighafi ile ile, na bado wakaona waseme sisi ni wengine. Labda ni mambo ya mawakili tu, lakini nimelipenda hilo.

Makala ya kalamu nimeshayatuma. Yatatoka kwa jina la mteja, na hilo halininyimi usingizi. Hakuna atakayedungwa sindano kwa sababu yake. Yule wa uuguzi naye ametuma kazi yake ya mwisho, maneno 3,000, kuhusu dozi za watoto. Nusu ameshalipa. Kodi ni tarehe tano. Faili bado sijaifungua.