Fundi, Msanii na Udhuru

Sisi tufundishao fasihi huwaambia wanafunzi wetu kwamba fani na maudhui haviachani. Hatukubali shairi lisifiwe kwa vina vyake ilhali halina neno la maana. Wala hatukubali wazo jema litungwe ovyo. Lakini tukitoka darasani twalisahau fundisho letu wenyewe. Mwanafunzi apendaye kuchora, na ambaye hesabu pia haimshindi, anapotujia kutaka shauri, twamwambia upesi achague: ama sanaa, ama uhandisi. Akitutajia vyuo vinavyofundisha yote mawili kwa pamoja, twamwonya kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka. Je, shauri letu ni la haki?

Kwanza tuyaeleze masomo yenyewe. Mwanafunzi wa taaluma hii hujifunza maumbo ya herufi, rangi, picha, sauti na mpangilio wa ukurasa. Papo hapo hujifunza hesabu, umeme na uandishi wa programu za kompyuta. Shughuli yake hasa ni ile sehemu ya chombo inayokutana na mtu. Mwaka 1985 chuo cha MIT, nchini Marekani, kilifungua maabara ya aina hiyo iitwayo Media Lab. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Muriel Cooper, msanifu wa vitabu aliyegeukia kompyuta ili herufi zipate heshima kwenye kioo kama zilivyokuwa nayo katika karatasi.

Wala jambo hili si geni. Walter Gropius alipoanzisha shule ya Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana ziliwekewa walimu wawili wawili: mmoja msanii wa maumbo, mwingine fundi wa kazi. Ilikuwa vigumu kumpata mtu mmoja aliyeyamudu yote mawili. Lakini shule ilipohamia Dessau mwaka 1925, baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake, kama Marcel Breuer, wakawa walimu, nao walikuwa wamelelewa na pande zote mbili. Mwaka huo huo Breuer alianza kuunda viti vya mabomba ya chuma, ambavyo hatuwezi kusema uzuri wake unaishia wapi na uhandisi wake unaanzia wapi. Basi methali yetu ni onyo kwa mwenye pupa; si hukumu kwa kila mtu.

Hata hivyo swali zito zaidi si kama mtu aweza kujifunza mawili. Swali ni hili: kazi ikigawanywa kwa wawili, lawama humwangukia nani?

Tuutazame uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 2000. Katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, herufi za karatasi ya kura zilikuzwa ili wazee wasome bila taabu. Nia ilikuwa njema. Lakini kwa kuwa herufi zilikua, majina hayakuenea upande mmoja. Yakapangwa kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakawa katikati kwa safu moja. Al Gore alikuwa jina la pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyekuwa wa kwanza upande wa kulia. Wapiga kura wengi walikosea. Hatimaye George W. Bush alishinda jimbo lile kwa kura 537 tu, na kwa jimbo lile akapata urais. Mtambo haukuharibika, na herufi zilisomeka. Kosa lilikaa baina ya viwili hivyo, mahali ambapo kila mmoja aweza kusema: hapo si pangu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kujua mawili humfanya mtu kuwa mwema. Mwaka 2006 Aza Raskin, msanifu na mwandishi wa programu, alibuni ukurasa wa kompyuta usio na mwisho: msomaji huteremka, na maandishi mengine huja yenyewe. Ilikuwa kazi safi ya mkono na ya akili. Baadaye mwenyewe alikiri hadharani kwamba anaijutia, kwa jinsi inavyowashika watu wasiweze kuacha. Hakuwa na fundi wa kumtupia lawama, wala msanii.

Nasi twaona hapo ndipo ilipo thamani ya masomo haya. Hayampi mtu wema, humwondolea udhuru. Basi mwanafunzi yule akirudi kwetu, tusimzuie njia. Tumwambie tu kwamba atakayeshika mbili ataulizwa juu ya zote mbili.